Sungura anayeacha kula kila mwezi: anza na bakuli, kisha mdomo

Swali: Shikamoo daktari. Tunaishi Dar es Salaam, tuna sungura wa watoto anaitwa Pamba, dume, miaka 3, kilo 2.1. Tangu mwaka jana, kila baada ya wiki 3 au 4 anagoma kula. Anajikunja kwenye kona ya banda, kinyesi kinakuwa kidogo kama pilipili manga, halafu kinakata kabisa. Mara mbili tumempeleka akachomwa sindano akaamka. Mara nyingine anaamka mwenyewe kesho yake. Katikati ya vipindi hivyo yuko mzima, ila nyuma kunaganda uchafu mweusi unaonata na kunuka. Anakula peleti, zile punje za chakula cha dukani (bakuli halikauki), kabichi, karoti, maganda ya ndizi, mkate anaopewa na watoto, na majani kidogo tunayonunua kwa wauza majani ya ng'ombe. Mara ya mwisho nilimsagia nusu kidonge cha flajili. Je, ni minyoo? Nimpe dawa gani iishe kabisa?

Jibu: Marahaba, mama. Minyoo nina shaka nayo. Mnyoo anayeonekana zaidi kwa sungura ni yule mweupe, mwembamba kama kipande cha uzi, anayekaa kwenye utumbo mpana, na kwa kawaida hamletei sungura mkubwa taabu ya maana. Mpime kinyesi mara moja ili uache kuwaza, ni kipimo rahisi, ila usitarajie jibu litoke huko. Na dawa ya kumaliza kabisa haipo, kwa sababu kinachompata Pamba si ugonjwa mmoja wenye jina lake. Tumbo la sungura kusimama ni dalili, kama homa ilivyo dalili kwa mtoto. Sindano huliamsha tumbo. Kilicholilaza kinabaki palepale, na baada ya wiki tatu kinalilaza tena. Kwa maelezo yako, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni bakuli na wa pili ni magego. Mara nyingi hao wawili hushirikiana.

Siku Pamba akiwa mzima, chukua punje moja kavu ya kinyesi chake uivunje kwa vidole. Ikiwa anakula inavyotakiwa itakuwa kubwa kama punje ya mbaazi au zaidi, rangi ya kahawia iliyofifia, na ndani utaona kitu kama unga wa mbao: vipande vya nyasi vilivyokatwakatwa, bila harufu ya kuudhi. Sungura mzima hutoa punje 200 hadi 300 za namna hiyo kwa siku. Punje ikiwa ndogo, nyeusi, ngumu na haina nyuzinyuzi, utumbo umeanza kwenda polepole siku moja au mbili kabla mwenyewe hujaona lolote. Zikitoka zimeunganishwa na nywele kama tasbihi, ananyonyoka manyoya na nyasi anazokula hazitoshi kuzisukuma nywele hizo.

Sungura ana kinyesi cha aina mbili, na hapa ndipo fumbo la uchafu unaonata linapofunguka. Chakula kikifika mwanzo wa utumbo mpana huchujwa. Nyuzinyuzi ndefu na ngumu, ambazo hawezi kuzimeng'enya, zinasukumwa mbele na kutoka kama punje kavu. Chembechembe laini na majimaji hurudishwa nyuma kwenye mfuko mkubwa ambao madaktari huuita sekamu. Mfuko huo unabeba karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo tumboni mwake, na mle ndani bakteria wanachachua chakula kama togwa linavyochachuka mtungini. Kinachotoka huko ni vishada vidogo laini, vyeusi, vinavyong'aa, vimeshikana kama zabibu changa, vyenye protini na vitamini. Sungura huinama na kuvila moja kwa moja vinapotoka, kwa kawaida akiwa ametulia, na ndiyo maana wafugaji wengi hawajawahi kuviona.

Kwa hiyo kile kinachoganda nyuma ya Pamba si kuhara. Ni hicho kinyesi laini ambacho hakikuliwa. Sungura mkubwa akiharisha kweli, maji matupu bila punje hata moja, hiyo ni dharura ya saa ileile. Kwa Pamba swali ni kwa nini havili. Ama vinatoka vingi na vyepesi mno kwa sababu chakula kina wanga na sukari nyingi kuliko nyasi. Ama ameshiba peleti hana haja navyo. Ama ni mnene hafikii nyuma. Ama mgongo, magoti au meno yanamuuma. Kilo 2.1 inaweza kuwa uzito mzuri au kitambi, kutegemea umbo lake. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzisikie kama kalamu zilizo ndani ya mfuko wa shati. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa.

Sasa unganisha mambo. Zile nyuzinyuzi ngumu, ambazo ukizitazama utasema hazina faida kwa kuwa hazimeng'enywi, ndizo zinazouchochea utumbo usukume. Zikipungua, utumbo unapunguza mwendo. Ukipunguza mwendo, maji yananyonywa na chakula kinakauka tumboni pamoja na nywele alizojilamba. Huku nyuma, mkate na ndizi vimeshafika kwenye sekamu na kuwapa karamu bakteria wasiofaa. Gesi inajaa. Tumbo linauma, na sungura mwenye maumivu haendi kula. Asipokula, utumbo unasimama zaidi. Duara hilo likishaanza linajizungusha lenyewe. Hata lile donge la nywele ambalo watu husema ndilo "lililoziba" kwa kawaida ni matokeo: tumbo la sungura mzima kabisa huwa na nywele siku zote, na huwa na chakula siku zote. Kutapika hawezi, kwa hiyo kilichoingia kina njia moja tu.

Bakuli lisilokauka ni kosa la kwanza. Peleti nyingi za madukani zimetengenezwa kwa sungura wa nyama, anayetakiwa anenepe haraka na kuuzwa akiwa na miezi michache. Pamba ana miaka 3, haendi sokoni. Kikomo chake ni gramu 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 50, na akizoea nyasi shusha hadi 40. Tumia mzani wa jikoni, usikadirie kwa kiganja. Soma lebo: kwa sungura mkubwa wa kufugwa nyumbani tafuta peleti yenye nyuzinyuzi asilimia 18 au zaidi na protini asilimia 12 hadi 16. Ukikosa hiyo, punguza kiasi zaidi. Mchanganyiko wenye punje za mahindi, alizeti na vipande vya rangi uuache dukani, maana atachagua vitamu na kukuachia vinavyomfaa. Chakula cha kuku ndiyo usimwonjeshe kabisa: wanga umezidi, nyuzinyuzi hakuna, na baadhi ya dawa za koksidia (vijidudu vya utumbo) zinazochanganywa humo ni sumu kwake.

Mkate, biskuti, chapati: basta. Maganda ya ndizi na karoti yabaki kionjo, kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara mbili kwa wiki. Najua katuni zimewafundisha watoto kwamba sungura anaishi kwa karoti, ila karoti ni sukari. Wape watoto kazi ya kumlisha majani ya karoti yenyewe, yale wauzaji wanayokata na kuyatupa sokoni. Atafurahi vilevile.

Usiyafanye yote kwa siku moja. Kwa siku 3 pima kwanza anamaliza peleti kiasi gani. Tuseme ni gramu 120. Wiki ya kwanza mpe 90, ya pili 70, ya tatu 50, ya nne 40, ukigawa asubuhi na jioni. Mpime uzito kila baada ya siku 3. Akishuka zaidi ya gramu 100 kwa wiki, au asipogusa nyasi, simama hapo ulipofika na uharakishe uchunguzi wa meno, kwa sababu sungura mwenye njaa anayekataa nyasi ana sababu.

Nyasi kavu ndiyo chakula chenyewe. Vingine vyote ni mboga ya pembeni. Ziwe mbele yake saa 24, fungu lenye ukubwa wa mwili wake au zaidi kila siku, na ukilikuta limeisha asubuhi ujue lilikuwa dogo. Dar hakuna duka kila mtaa linalouza nyasi kavu za sungura, lakini wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na mazizi ya farasi hununua marobota ya nyasi za Rhodes. Robota moja kwa sungura mmoja linaenda miezi. Lusini (jani la malisho la jamii ya kunde), hata ikiwa kavu na nzuri, iwe ya kuonja tu: ina protini na kalsiamu nyingi, na sungura hutoa kalsiamu iliyozidi kwa njia ya mkojo, ikaja kutuama kwenye kibofu kama chokaa.

Majani ya wauza majani siyakatai, nayatilia masharti. Yanakatwa asubuhi yakiwa na umande, yanafungwa mzigo, yanapigwa jua juu ya baiskeli. Ingiza mkono katikati ya fungu: ukikuta joto, yameshaanza kuchachuka, na uchachu huo utaendelea tumboni mwa Pamba. Yaliyokatwa kando ya barabara kubwa au jalalani yaache. Ukipata mazuri, yatandaze mara ufikapo nyumbani, tabaka jembamba, juu ya wavu au mkeka, mahali penye upepo na kivuli kiasi. Yageuze asubuhi na jioni. Baada ya siku 2 au 3 za jua la kawaida, pinda shina moja: likivunjika kwa mlio limekauka, likikunjika bado. Rangi ibaki kijani kijani na harufu iwe ya shamba. Mabingobingo machanga yanafaa. Yaliyokomaa mashina yake ni fimbo, mpe majani tu. Hifadhi kwenye gunia linalopumua, juu ya ubao, mbali na ukuta, kwani hewa ya Dar ina unyevu na nyasi huota ukungu upande mmoja bila wewe kujua. Zikitoa vumbi la kijivu ukizikung'uta, tupa zote. Peleti nazo ni hivyohivyo: nunua za mwezi mmoja tu. Sumukuvu hiyohiyo inayotajwa kwenye mahindi humdhuru sungura, na kwa kiasi kidogo sana.

Kwa majani mabichi, gramu 100 hadi 150 kwa siku zinamtosha, aina mbili tatu zikichanganywa: matembele, mchunga, giligilani, majani ya karoti, majani ya mforosadi, kishona nguo kichanga. Mchicha usiwe wa kila siku. Kabichi humjazia gesi sungura ambaye tumbo lake limeshavurugika. Iondoe kwa sasa. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo, kisamvu kibichi, na chochote cha mparachichi, tunda au jani, visikaribie banda.

Maji ayanywe kwenye bakuli zito la udongo kuliko kwenye chupa ya kunyonya. Sungura hunywa zaidi bakulini. Kwa uzito wake hesabu mililita 200 kwa siku, na msimu wa joto zaidi.

Ningekuwa na hakika kwamba ni chakula peke yake, ningeishia hapa. Lakini vipindi vinavyorudi kwa mpangilio, kila wiki 3 au 4, vinanifanya nitake kuona mdomo. Sungura ana meno 28 na yote hukua maisha yake yote. Yale ya mbele hukua takriban milimita 2 kwa wiki. Yanachopunguzwa nacho ni nyasi: kuzitafuna kunahitaji taya liende kando kwa kando mara nyingi, kama jiwe la kusagia. Peleti huipasua kwa kubana mara chache, imekwisha. Sungura wa bakuli lisilokauka hatumii magego yake, kwa hiyo yanarefuka na kuota ncha kali pembeni. Za chini huelekea ndani na kuuchoma ulimi; za juu huelekea nje na kukata shavu. Kidonda kikiwa kibichi anaacha kula, kikipoa anarudi, ncha ikikua anaacha tena. Ukiangalia meno ya mbele peke yake utasema mdomo ni mzima.

Dalili unazoweza kuziona nyumbani: anakimbilia bakuli, anashika chakula, anakiachia, anachagua laini na kuacha nyasi, kidevu au sehemu ya ndani ya miguu ya mbele imelowa mate, jicho moja linatoa machozi, ukipapasa ukingo wa chini wa taya unakuta vinundu, au upande mmoja umevimba. Hata asipokuwa na dalili hizo, omba magego yakaguliwe. Daktari anaweza kuchungulia akiwa macho, kwa kile kidude chenye taa cha kuangalizia masikio, lakini ncha nyingi hujificha nyuma. Ukaguzi wa kuaminika unataka dawa ya usingizi, na picha ya eksirei ya kichwa kuona mizizi. Ncha zikikutwa, husagwa kwa kifaa maalumu akiwa amelala. Usikubali mtu ayakate meno ya mbele kwa koleo au kikata kucha, maana jino hupasuka hadi kwenye mzizi na usaha huanzia hapo. Na ujiandae: magego yakishapinda, huenda yakahitaji kusagwa tena kila baada ya wiki au miezi kadhaa. Nyasi zitarefusha muda huo, hazitanyoosha jino lililokwisha kupinda.

Si kila daktari wa mifugo amezoea sungura. Uliza kwa simu kabla ya kumsafirisha: mnakagua magego, mnampa sungura dawa ya usingizi? Ukikosa Dar, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro, kwa basi unafika siku hiyohiyo.

Vyanzo vingine navitaja kwa ufupi ili daktari avipitie siku hiyohiyo. Kibofu chenye mchanga wa kalsiamu: mkojo mzito mweupe kama uji, na anakojoa akiwa amejikaza. (Mkojo mwekundu au wa rangi ya chungwa peke yake mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula.) Vidonda vya nyayo kwa kulala juu ya sakafu ya waya. Maumivu ya mgongo. Hofu: mbwa mpya, paka anayekuja usiku, fundi anayetoboa ukuta. Koksidia huwaua zaidi watoto kabla ya miezi minne, ila kipimo kilekile cha kinyesi kitaionyesha. Halafu kuna joto. Sungura hatoi jasho na hawezi kuhema kama mbwa. Joto analitoa kwa masikio. Kuanzia Desemba hadi Machi, banda la bati lililopigwa jua linatosha kulisimamisha tumbo hata la sungura anayekula vizuri. Muweke kivulini penye upepo, mpe kigae cha kulalia, na chupa ya maji yaliyogandishwa iliyofungwa kitambaa. Ukiona vipindi vyake vinaongezeka miezi hiyo, umepata mshiriki mwingine.

Hadi chanzo kipatikane, kipindi kingine kinaweza kuja. Sungura wa ngano ni mjanja wa maneno. Huyu wa bandani ujanja wake wote ni kuficha maumivu, kwa hiyo ukimwona amejikunja ujue ameshaumwa saa kadhaa. Hesabu saa tangu alipokula mara ya mwisho. Zikifika 12 bila kula wala kunya, ni safari ya daktari, hata ikiwa Jumapili. Yeye si mbwa wa kusema "tumwache afunge kidogo": sungura asipokula, hasa mnene, mafuta hukimbilia kwenye ini na kuliharibu.

Kabla hujamgusa na chakula, fanya mambo mawili. Kwanza tumbo: papasa taratibu chini ya mbavu. Likiwa laini kama unga uliokandwa, au limejaa lakini linabonyea, endelea. Likiwa limekaza kama ngoma, amelegea ghafla, masikio baridi, na saa mbili zilizopita alikuwa mzima, huenda utumbo umeziba. Usimlishe chochote, usimkande, mpeleke sasa hivi. Wenye kipimo cha sukari cha wagonjwa wa kisukari waende nacho. Daktari akichukua tone la damu sikioni, usomaji ulio juu ya 20 mmol/L unaelekeza kwenye kuziba, wakati tumbo lililosimama tu mara nyingi husoma chini sana ya hapo.

Pili joto. Kipima joto chembamba kilichopakwa mafuta, sentimita 2 ndani ya njia ya haja, mtu mwingine akimshika ili asirushe miguu, maana mateke yake mwenyewe huweza kumvunja mgongo. Kawaida ni 38.5 hadi 39.5. Chini ya 38 anakufa polepole: mpashe joto kwanza, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo kila ubavu, ndipo uwaze chakula, na uko njiani kwa daktari tayari. Juu ya 40.5 na siku ni ya joto, lowesha masikio kwa maji ya kawaida, yasiyo ya barafu.

Tumbo likiwa laini na joto likiwa sawa, mlishe wewe. Loweka peleti zake kwa maji ya uvuguvugu, sehemu 1 ya peleti kwa 3 za maji, ziponde, uchuje kwa kichujio cha chai mpaka zipite kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Mviringishe taulo kichwa kikibaki nje, mkalishe juu ya meza kwa miguu minne, usimlaze chali. Ingiza ncha ya bomba pembeni, kwenye ile nafasi tupu nyuma ya meno ya mbele. Sukuma mililita 1, ngoja atafune na kumeza, kisha nyingine. Ukiisukuma yote kwa mpigo itaingia mapafuni. Anza na mililita 10 kwa mlo. Akipokea vizuri, fika 20 hadi 30, mara 4 au 5 kwa siku. Kati ya milo mpe maji kwa bomba hilohilo, mwekee nyasi na giligilani puani, na umwachie atembee sebuleni. Kutembea huamsha utumbo kuliko kukaa bandani. Matone ya gesi ya watoto wachanga hayamdhuru, lakini gesi si chanzo, ni moshi wa moto ulio kwingine.

Kwa daktari, mambo ya kuomba ni maji chini ya ngozi au kwenye mshipa, na dawa ya maumivu. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika. Meloksikamu hutumika sana, na dozi ya sungura kwa kilo ni kubwa kuliko ya mbwa, kwa hiyo anayekadiria kwa mbwa humpa pungufu. Hutolewa akiwa ameshapata maji, ili figo zisiumie. Dawa ya kusukuma utumbo, kama metoklopramidi, huongezwa pale tu kuziba kumeondolewa shaka.

Kuhusu flajili, una bahati. Hiyo yenyewe si sumu kwa sungura, ila dozi ya kukisia nusu kidonge ni kamari, na haikutibu chochote. Lau ungefungua kopo la amoksilini la watoto, tungekuwa na barua ya aina nyingine. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kunywa, klindamisini, linkomisini na erithromisini huua bakteria wema wa sekamu na kuwaachia uwanja wale wanaotengeneza sumu. Sungura huharisha na kufa ndani ya siku chache. Hata ikiandikwa na daktari, ukisikia mojawapo ya majina hayo kwa njia ya mdomo, muulize tena. Na ile dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili usimpake.

Lile eneo chafu nyuma lisafishwe leo hii, wala usisubiri mlo mpya ufanye kazi. Usimwogeshe mwili mzima. Loweka sehemu hiyo tu kwa maji ya uvuguvugu hadi uchafu ulainike, uutoe bila kuvuta ngozi, ukaushe kabisa kwa taulo, punguza manyoya kwa mkasi butu. Kagua asubuhi na jioni. Kwa joto la Dar nzi akitaga hapo leo, kesho kuna funza, nao huingia kwenye nyama. Ukiwaona, ni dharura kama ile ya kuziba.

Chukua daftari la shule, andika kila siku mistari miwili: uzito, gramu za peleti alizomaliza, nyasi zimeliwa kiasi gani, punje za kinyesi kubwa au ndogo, kulikuwa na joto au kelele. Baada ya wiki 6 utaona kama vipindi vimesogea mbali. Visiposogea hata kidogo na nyasi anazila, chanzo kiko mwilini mwake, na daftari hilo ulipeleke kwa daktari pamoja na yeye. Siku ya kumlaza kwa ajili ya magego, wakikuambia asile tangu jana usiku kama wafanyavyo kwa mbwa na watu, wakumbushe kuwa sungura hatapiki: ale nyasi hadi karibu na saa ya sindano, na fungu la matembele uende nalo, awekewe mara tu anapofumbua macho.